Shauri la Nidhamu Chuo Kikuu: Kutoka Fomu ya Maelezo hadi Mahakama Kuu

Shauri la nidhamu la mwanafunzi wa chuo kikuu si kesi ya mahakamani, wala si kikao cha ukoo cha kumkanya mtoto. Liko katikati, na hali hiyo huwachanganya wote wanaolipitia: mwanafunzi anayetarajia mashahidi na wakili, mzazi anayeamini kwamba akifika na kuomba radhi mambo yatakwisha, na wakati mwingine hata mjumbe wa kamati anayejiona hakimu. Nchini Tanzania na Kenya, ambako vyuo vikuu vilianzishwa kwa mfano wa Kiingereza, shauri hilo limerithi mambo mawili yasiyopatana vizuri. La kwanza ni ulezi: chuo kinakaa mahali pa mzazi, na mzazi haombwi sababu. La pili ni sheria: chuo ni chombo chenye mamlaka juu ya haki za mtu, na mamlaka ya namna hiyo yana masharti. Kwa zaidi ya nusu karne sheria imekuwa ikiusogeza ulezi pembeni, bila kuuondoa.

Ulezi ulionekana wazi Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akatangaza kupunguza mishahara ya wakubwa ukiwamo wake mwenyewe, kisha akaamuru warudi makwao. Karibu wanafunzi 400, wengi wao wa chuo hicho, walirudishwa nyumbani. Hapakuwa na hati ya mashtaka, wala kamati, wala nafasi ya mmoja mmoja kueleza kama alikuwamo au hakuwamo. Wengi walisamehewa baadaye na kurudi masomoni, na neno hilo la kusamehewa linaeleza mfumo mzima, kwa sababu anayesamehewa ni mtoto, hata akiwa na kura na ndevu.

Mtindo huo haukuishia hapo. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi wa Dar es Salaam, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alifukuzwa baada ya mvutano na uongozi wa chuo, na wenzake wakagomea masomo. Mwaka 1978 mamia walifukuzwa kwa kuandamana kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mei 1990 chuo kizima kilifungwa na wote wakafungasha. Nairobi nako, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, chuo kikuu kilifungwa kwa muda mrefu. Ilikuwa hukumu ya samaki mmoja akioza: kosa la kundi, adhabu ya kundi, bila kumtazama mtu mmojammoja. Shauri la nidhamu kama linavyojulikana leo, lenye wito, kikao na rufaa, ni jaribio la kumtoa mtu ndani ya kundi na kumuuliza yeye alifanya nini.

Wazo la kwamba hata chuo lazima kimuulize mtu kabla ya kumhukumu ni la zamani kuliko vyuo vya Afrika Mashariki. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie Richard Bentley, bingwa wa Kigiriki na Kilatini, shahada zake ambazo chuo kilimnyang'anya bila kumwita ajitetee. Jaji mmoja alikumbusha kwamba hata Mwenyezi Mungu, aliyekuwa anajua kila kitu, alimwita Adamu na kumuuliza kabla ya kumtoa bustanini. Mawakili wa Dar es Salaam na Nairobi bado wanaisimulia habari hiyo mahakamani, na si kwa madoido tu. Sheria ya nchi hizi ilichota kanuni zake za haki ya asili katika kisima hichohicho: mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, na mtu asiwe mwamuzi katika jambo linalomgusa yeye mwenyewe.

Leo kanuni hizo zimeandikwa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13(6)(a) iliyoingia pamoja na haki za binadamu mwaka 1984, inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo kingine cha namna hiyo. Kenya imekwenda mbali zaidi. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inadai hatua za kiutawala ziwe za haki, na anayeathiriwa apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza ibara hiyo inataja taarifa ya mapema, nafasi ya kujieleza, kuona ushahidi, kuwahoji wanaomtuhumu mtu na kuomba kikao kiahirishwe. Sheria hiyo inabana hata taasisi zisizo za serikali, kwa hiyo chuo binafsi hakiwezi kusema kwamba mwanafunzi ni mteja wake na mkataba ndio unaosema yote.

Hiyo ni sheria. Shauri lenyewe huanza mbali na vitabu vya sheria, aghalabu bwenini au katika chumba cha mtihani.

Makosa hupita njia mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha malalamiko mengi. Njia ya kwanza ni ya mwenendo: ugomvi, wizi, ulevi, uharibifu wa mali, matusi, kulaza mgeni chumbani, kuongoza mgomo. Mashauri hayo hufika kwanza kwa Mshauri wa Wanafunzi, kisha kamati ya nidhamu. Njia ya pili ni ya taaluma: udanganyifu wa mtihani, kufanyiwa kazi na mtu mwingine, kunakili maandishi ya wengine bila kuwataja. Haya huanzia kwa msimamizi wa mtihani au mwalimu, yakapita idarani na kwenye kitivo hadi kamati ya Seneti. Mwanafunzi mmoja anaweza kuwa na mafaili mawili kwenye meza mbili ambazo hazizungumzi.

Pembeni ya njia hizo kuna jambo ambalo si kosa kabisa. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa masomoni kwa alama kutotosha baada ya sapu zote za marudio, hakushtakiwa na mtu. Hesabu ndizo zilizomtoa. Hana cha kujitetea mbele ya kamati ya nidhamu. Anachoweza ni kuomba mtihani usahihishwe upya ndani ya muda uliowekwa, na mahakama huwa nzito sana kuwaingilia walimu katika suala la alama. Wanafunzi wengi hupoteza miezi wakitafuta kesi pasipo na kesi.

Kati ya makosa ya mwenendo, mengine yapo kwenye kanuni kwa miaka bila mtu kuyagusa. Kubebana ni mfano unaojulikana kila bweni la Tanzania: mwenye kitanda humlaza mwenzake aliyekosa chumba, kinyume cha kanuni. Uongozi unajua, walezi wa mabweni wanajua, na uhaba wa vyumba unaeleza sababu. Ubaya wa kosa linalovumiliwa ni kwamba linakumbukwa siku mtu fulani anapotafutwa kwa jambo lingine. Kanuni inayotumika kwa mmoja na kufumbiwa macho kwa wengi haiwi tena kanuni, inakuwa fimbo ya akiba.

Hatua inayoamua mashauri mengi kuliko zote ndiyo inayopewa uzito mdogo kuliko zote: karatasi ya kwanza. Mwanafunzi aliyekamatwa akidesa kwenye mtihani, au akiwa na kile kikaratasi ambacho Wakenya hukiita mwakenya, hupewa fomu aandike maelezo palepale au muda mfupi baadaye. Vivyo hivyo aliyeletwa na polisi wasaidizi wa chuo usiku. Hajasoma kanuni, hajui kosa gani litaandikwa, mkono unatetemeka. Anaandika anachokijua tangu utotoni: anaomba radhi. Katika malezi ya watu wa huku, kumwomba radhi mkubwa aliyekasirika ni adabu, na mara nyingi haina uhusiano na ukweli wa jambo. Mtu huomba msamaha kwa kuchelewa, kwa kukohoa, kwa kumwudhi mtu bila kujua kosa. Miezi miwili baadaye kamati inasoma sentensi ile, naomba nisamehewe sitarudia tena, na kuiona kuwa ni kukiri. Lugha ni moja, ila mwandishi na msomaji wanazungumza mambo mawili.

Kamati haina ubaya kwa kusoma hivyo, kwani maandishi ndiyo ushahidi ulio mbele yake. Lakini chuo makini hutenganisha fomu ya tukio na maelezo ya utetezi. Ya kwanza inarekodi kilichokutwa, nani alikuwapo, saa ngapi, na kitu gani kimechukuliwa. Ya pili mwanafunzi huipeleka baada ya kupata mashtaka kwa maandishi. Pale vitu hivyo viwili vinapokuwa karatasi moja, kikao kinachofuata huwa cha kuthibitisha tu. Aliyeandikishwa namna hiyo anaruhusiwa kueleza mazingira ya karatasi ile katika utetezi wake, na anapaswa kufanya hivyo mapema, maana kuibua hoja hiyo kwenye rufaa huonekana ni ujanja wa baada ya hukumu.

Hatua ya pili inayouma kabla ya kikao ni kusimamishwa kupisha uchunguzi. Kisheria hiyo si adhabu. Ni tahadhari, ili mtuhumiwa wa kupiga asiendelee kulala chumba kimoja na aliyepigwa, au mtuhumiwa wa wizi asiguse vielelezo. Kwa kalenda ya chuo ni adhabu kamili. Muhula una wiki chache. Aliyekosa wiki nne amekosa majaribio, na aliyekosa mtihani anaweza kusubiri mwaka mzima somo hilo lirudi. Bumu, yaani pesa za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, linategemea mtu kuwa masomoni, chumba kinapewa mwingine, na kodi ya chumba cha mtaani haisubiri uchunguzi. Mwanafunzi anayekuja kuonekana hana hatia baada ya miezi minane hurudishiwa jina lake bila kurudishiwa mwaka wake. Kanuni nyingi huweka muda wa kukata rufaa kwa siku zinazohesabika, ila hazikibani chuo kwa ukali huohuo katika muda wa kumaliza uchunguzi. Hapa ndipo ulezi wa kale ulipojificha.

Wito wa kufika mbele ya kamati una kazi moja: kumwezesha mtu kujiandaa. Wito unaosema tu kwamba mwanafunzi anatuhumiwa kwa utovu wa nidhamu haufanyi kazi hiyo. Unaofaa hutaja tendo, siku, mahali, kifungu cha kanuni kilichovunjwa na ushahidi uliopo, na huacha siku za kutosha kati ya kupokewa na kikao. Kifungu kina uzito kuliko kinavyoonekana. Mtu aliyeitwa kwa kushiriki mkutano usio na kibali hawezi kutoka kikaoni amehukumiwa kwa kuharibu mali, hata kama madirisha yalivunjika kweli, kwa sababu hakuja kujibu habari ya madirisha.

Kikao chenyewe ni kifupi. Kwa kawaida wanakaa walimu kadhaa chini ya mwenyekiti, mwanasheria wa chuo, na mwakilishi wa serikali ya wanafunzi, ambaye mara nyingi ndiye kijana peke yake mezani na huongea kidogo. Anayetuhumu hapaswi kuwa miongoni mwa wanaoamua. Mhadhiri aliyemkamata mwanafunzi anakuja kama shahidi, anasema, anatoka. Sharti hilo linaeleweka na vyuo vingi hulifuata. Lisiloangaliwa sana ni nafasi ya mwanasheria wa chuo, ambaye anaweza kuandaa mashtaka, kuishauri kamati wakati wa kuamua, na baadaye kukitetea chuo mahakamani dhidi ya mwanafunzi yuleyule. Hakuna anayemshuku mtu huyo kwa nia mbaya. Ni kofia tatu kwenye kichwa kimoja.

Wakili haruhusiwi katika kamati nyingi, na mahakama za nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza hazijaliona hilo kuwa dhuluma kila mara, mradi mtu amepata nafasi halisi ya kusema. Kuhusu kuwahoji mashahidi kuna somo la mwaka 1960, lililotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko alituhumiwa kwamba alikuwa ameshaiona kabla ya mtihani sehemu ya maandishi ya Kijerumani iliyokuja kutahiniwa. Alilalamika hadi kwenye Baraza la Faragha mjini London kwamba hakupata kumhoji shahidi mkuu. Alishindwa, na sababu ilikuwa rahisi: hakuwahi kuomba. Haki ambayo mtu hakuiomba kikaoni, wala haikuandikwa kwenye muhtasari, ni vigumu kuidai baadaye.

Ushahidi hupimwa kwa kipimo chepesi kuliko cha jinai. Hakimu wa jinai anataka kosa lithibitike bila shaka yoyote ya maana; kamati kwa kawaida inatazama upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ndiyo maana mwanafunzi aliyeachiwa huru mahakamani kwa kesi ya wizi bado anaweza kupatikana na hatia chuoni kwa tukio lilelile, na si lazima pawe na mkanganyiko. Hata hivyo kipimo hakiwezi kuwa chepesi sawasawa kwa kosa la kutupa taka na kwa kosa la kumfukuzisha mtu mwaka wa mwisho. Kadiri adhabu inavyokuwa nzito, ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa na uzito. Mfano wa sasa ni programu zinazopima kufanana kwa maandishi. Asilimia inayotolewa na mashine inasema tu kwamba maneno haya yanapatikana kwingine. Nukuu zilizotajwa vizuri huhesabiwa humohumo. Kamati inayoinukuu asilimia bila kufungua kazi yenyewe haijapima ushahidi, imesoma namba.

Upande mmoja wa shauri husahaulika mara nyingi, nao ni wa aliyekosewa. Binti aliyeshikwa kwa nguvu na mwanafunzi mwenzake huwa shahidi tu katika shauri la chuo dhidi ya mtuhumiwa. Anaitwa, anasimulia mbele ya watu wazima asiowajua, anarudi bwenini, na pengine hapewi taarifa ya uamuzi. Mtuhumiwa ana rufaa, yeye hana. Akiwa anayetuhumiwa ni mhadhiri, shauri linahamia kwenye nidhamu ya watumishi, ambako kanuni, kamati na mwendo ni vingine kabisa. Tanzania imelitamka jambo hilo katika jinai: sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamhesabu kuwa mkosaji mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au upendeleo, na malalamiko hupelekwa TAKUKURU, chombo cha kupambana na rushwa. Madawati ya jinsia vyuoni yameongeza mlango wa kupitia. Bado kanuni nyingi za nidhamu zimeandikwa kwa kumfikiria mtuhumiwa peke yake, na hilo ni pengo la wazi.

Adhabu zinapanda ngazi: onyo, karipio la maandishi, faini, fidia ya kilichoharibiwa, kutolewa bwenini, kusimamishwa muhula au mwaka, kufukuzwa. Hata aliyekwishahitimu hajavuka mto, kwa kuwa shahada iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kufutwa. Kinachokosekana mara nyingi zaidi ni maelezo ya kwa nini imechaguliwa ngazi hii na si ile. Barua inayosema kwamba kamati imekuona una hatia na kuamua ufukuzwe imetoa uamuzi bila sababu. Kenya hilo linagongana moja kwa moja na ibara ya 47. Popote pale linamnyima mwanafunzi kitu cha kukatia rufaa, kwa maana huwezi kuipinga hoja usiyoijua.

Rufaa ya ndani huenda Seneti, Baraza la Chuo au kamati maalumu ya rufaa, kutegemea kanuni za chuo husika. Wengi huiona kama kupoteza muda, wakitaka kukimbilia mahakamani. Ni kosa la gharama. Sheria ya Kenya ya 2015 inaitaka mahakama isilisikilize shauri kabla ya njia za ndani kumalizwa, isipokuwa kwa sababu za pekee, na majaji wa Tanzania nao huuliza swali hilohilo mapema. Rufaa inayofaa haisimulii upya kisa kizima kwa machozi. Inaonyesha wito ulikosa nini, shahidi gani hakuitwa, kifungu gani kilitumika vibaya, na adhabu gani walipewa wengine kwa kosa la aina hiyo.

Mahakama Kuu hufika mwisho, na inafika ikiwa na kazi finyu. Katika shauri la Nyongesa na wenzake dhidi ya chuo cha Egerton, lililoamuliwa mwaka 1990, mahakama ya Kenya iliweka msimamo unaotajwa hadi leo: majaji hawana hamu ya kuendesha vyuo vikuu, ila wataingilia pale ambapo mtu amehukumiwa bila kusikilizwa kwa haki. Maana yake kwa mwanafunzi ni kwamba jaji hatamwambia kama alidesa au hakudesa. Ataangalia kama aliitwa, kama alisikilizwa, kama waliokaa walikuwa na mamlaka na hawakuwa na upendeleo. Akiona kasoro, anaufuta uamuzi, na mara nyingi chuo kinabaki na uhuru wa kuanza upya kwa utaratibu sahihi. Kuna wanafunzi walioshinda mahakamani wakaitwa tena mbele ya kamati, safari hii kwa wito ulioandikwa vizuri.

Tanzania njia hiyo ina milango miwili: kwanza kuomba kibali cha mahakama, kisha, kikipatikana, kuleta maombi yenyewe ya kufuta uamuzi au kukilazimisha chuo kutimiza wajibu wake. Kwa kanuni za mwaka 2014, maombi ya kibali yanatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 6. Miezi hiyo inahesabiwa kuanzia tarehe ya uamuzi unaolalamikiwa, si tangu siku mwanafunzi alipopata ujasiri wa kuwaambia wazazi.